Adui kutubu ghafla: shida siyo haraka

Ndugu, umeuliza kama wasomaji watakubali adui wa riwaya yako ya kisasi abadilike kwa usiku mmoja. Watakubali, ukimwandaa. Scrooge, yule mzee bahili wa hadithi ya Charles Dickens, A Christmas Carol (1843), anageuka usiku mmoja tu, akitembelewa na roho. Lakini angalia anavyolegezwa: roho ya kwanza inampeleka akajione alipokuwa mtoto, kaachwa shuleni peke yake, anasoma kando ya moto hafifu. Analia. Halafu anamkumbuka kijana aliyekuja kuimba mlangoni kwake jana yake, anatamani angempa chochote. Hapo hata nusu ya kitabu hatujafika, na mzee ameshaanza kupata ufa.

Sasa mchukue Duke Frederick, aliyempora kaka yake utawala kwenye tamthilia ya Shakespeare, As You Like It. Anakuja na jeshi kumuua kaka yake, anakutana na mzee wa dini ukingoni mwa msitu, basi, katubu, na utawala anaurudisha. Tena tunasimuliwa tu, wala hatumwoni! Kwenye komedi inapita. Kwenye kisasi, mimi ningefunga kitabu.

Huyo wako mpe kitu cha kumkereketa mapema, hata kusita kidogo kabla ya kupiga.