HP 1 ni wati 746, mbona pampu inakula zaidi ya 1,000?

Ndugu, usirudishe hiyo pampu dukani bado. Umesema kibao kimeandikwa HP 1 na mita inasoma zaidi ya wati 1,000, ukashuku umeuziwa mota bandia. HP (nguvu-farasi) ya mota huhesabiwa kwenye shafti, yaani kazi inayotoka, si umeme unaoingia. Mota ndogo ya fezi moja hupoteza robo hadi thuluthi ya umeme kwa joto na msuguano. Gawanya 746 kwa 0.7 upate kama 1,065. Tokeni zako zinaliwa kwa hesabu hiyo. Kwenye kibao, P1 ni nguvu inayoingia na P2 ni inayotoka. Ukilinganisha pampu mbili, linganisha P2 kwa P2.

Kipimo chenyewe alikiweka James Watt, Mskoti, miaka ya 1780. Wenye vinu vya farasi walitaka kujua injini yake ya mvuke ingechukua nafasi ya farasi wangapi. Akamkadiria farasi anayevuta kwa nguvu ya ratili 180, akizunguka mara 144 kwa saa kwenye duara lenye nusu kipenyo cha futi 12. Mzingo ni futi 75.4, zidisha kwa mizunguko 2.4 kwa dakika, kisha kwa 180, unakaribia futi-ratili 32,572 kwa dakika. Akaikamilisha kuwa 33,000. Kwa vipimo vyetu, ni kuinua kilo 76 mita moja kila sekunde. Farasi wa kawaida hashiki mwendo huo kutwa nzima.

Sasa tangi lako la paani, mita 15 juu. HP 1 kamili ingepandisha lita 5 kwa sekunde. Pampu ndogo hufanya vizuri ikifikisha asilimia 40, kwa hiyo lita 2, na msuguano wa bomba bado haujakatwa. Ukipata nusu lita tu, usikimbilie HP 2: kagua kwanza hewa inayoingia kwenye maungio ya bomba la kufyonza, na kama mtu ameunga bomba la nusu inchi kwenye mdomo wa inchi moja.

Ukitaka kuiendesha kwa jenereta, kumbuka Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Injini ya petroli isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kusukuma hewa ndani) hupoteza kama asilimia 3 kila mita 300. Ya HP 10 pwani, hapa ni 8 na kidogo. Mota nayo inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara tano au sita ya kawaida kwa muda mfupi. Jenereta ya kVA 1.5 (kVA ni kipimo cha uwezo wake) huenda ikazimika. Chukua angalau ya kVA 3.