Alama za vidole kwenye udongo: nizifute au niziache?

SWALI: Mhariri, natengeneza nyumbani filamu fupi ya vikaragosi kwa kamera ya simu. Nimemfinyanga bibi yangu akisuka ukili. Namsogeza kidogo, napiga picha, namsogeza tena. Rafiki zangu wanasema picha inametameta na alama za vidole vyangu zinaonekana kwenye udongo, na kwamba kompyuta ingenipa kazi safi zaidi. Nizifute alama hizo, au niiache kabisa njia hii?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki zako wamechanganya mambo mawili yasiyohusiana. Kumetameta kunaletwa na simu, wala si na mkono wako. Simu ikiachwa ijiamulie hupima mwanga upya kila unapopiga picha, na hata kivuli chako unapoinama hutosha kuifanya ing'arishe picha moja na kuififisha inayofuata. Shusha pazia zito, kwa kuwa jua husogea na mawingu hupita ilhali wewe bado uko kwenye sekunde ile ile ya filamu. Tumia taa moja isiyobadilika, vaa nguo nyeusi, ifunge simu kwenye stendi imara, kisha bonyeza kioo kwa muda hadi fokasi na kiwango cha mwanga vijifunge. Kasoro hiyo haina sanaa yoyote ndani yake, kwa hiyo iondoe bila huruma.

Alama za vidole ziache. William Kentridge, msanii wa Johannesburg ambaye tangu 1989 amekuwa akitengeneza filamu kwa michoro ya mkaa, huchora, hupiga picha, hufuta sehemu na kuchora tena juu ya karatasi ile ile, na vumbi la mkaa uliofutwa hubaki likionekana nyuma ya kila mwendo. Angeweza kuchukua karatasi mpya kila mara, lakini doa lile ndilo linalomwonyesha mtazamaji kwamba kitu kilikuwapo hapo na kimeondoka. Udongo wako nao unatetemeka kidogo kila ulipoushika, na kwa filamu ya mjukuu anayemkumbuka bibi yake, sioni kwa nini mguso huo ufichwe. Kompyuta ni chombo kizuri, ila haitakupa huo.

Tatizo lako halisi, nadhani, litakuwa mikono ya bibi. Vidole vya udongo havisuki. Vikikunjwa mara kadhaa hupasuka, hata ukiweka ndani waya wa kufungia nondo. Finyanga jozi kadhaa za mikono katika hali mbalimbali za kusuka, uwe unazibadilisha kati ya picha na picha. Ukili wenyewe usuke kweli, mwembamba, kwa miyaa iliyochanwa, hadi umalizike. Kisha ufumue kidogo kidogo huku ukipiga picha, na mwishowe uzipange picha zote kinyumenyume, ili mtazamaji auone ukirefuka mikononi mwa bibi.

Picha 12 kwa sekunde zinatosha, ambapo kila moja huonyeshwa mara mbili ili kufikia 24 za sinema. Hata hivyo dakika moja itakudai picha 720, kwa hiyo anza na sekunde 10 za mikono peke yake, na uso wa bibi usubiri.