Barua kwa mwanangu: kuicheka dhoruba ukiwa kisiwani

Mwanangu,

Umeniuliza majirani zako huko kisiwani wanapata wapi moyo wa kutaniana wakati paa linanguruma na feri haijaonekana siku ya tatu, ilhali wewe hukupata hata lepe la usingizi. Hawakuzaliwa nao. Anayecheka saa hiyo ni mtu aliyemaliza kazi zake jana, maji yamejaa, soksi kavu ziko miguuni. Basi tuanze na kazi.

Tazama barometa, kipimo cha mgandamizo wa hewa, kabla ya mawingu. Ikishuka zaidi ya hektopaskali (vizio vya mgandamizo huo) 6 ndani ya saa 3, una saa chache tu za kujiandaa. Huko kaskazini mwa ikweta, upepo wa kusini-mashariki ukitulia ghafla usitoke kwenda kuokota ndoo. Mara nyingi hurudi kutoka magharibi au kaskazini-magharibi, kwa mikupuo mikali zaidi. Tena kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Pipa la taka lililosimama wima mwezi mzima huondoka usiku mmoja, kwa hiyo lilaze na ulifunge.

Bahari nayo hupanda mgandamizo wa hewa unaposhuka, kama sentimita 1 kwa kila hektopaskali 1 inayopungua. Barometa ikisoma 963 badala ya 1013, ongeza nusu mita juu ya maji uliyoyazoea, hata kabla ya mawimbi. Likiwa bamvua, maji makuu ya mwezi mpevu au mwezi mchanga, maji yatafika pasipowahi kufika. Mashua ndogo ivute juu ya alama ya bamvua, igeuze kifudifudi, uifunge chini. Inayobaki bandarini ifunge kwa kamba maradufu na uziachie ulegevu wa kupanda na maji. Pale kamba inapopita kwenye ukingo, ivishe kipande cha mpira wa kumwagilia bustani. Kamba nyingi huliwa kwa kusuguliwa muda mrefu kabla hazijakatika.

Umeme ukikatika, pampu ya maji husimama nayo. Weka lita 4 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, zitoshe wiki nzima. Ya chooni yakae kwenye ndoo zake. Dawa hesabu za wiki mbili. Wageni hudhani upepo ukikoma feri itakuja, lakini mawimbi makubwa huendelea kuingia bandarini baada ya upepo kufa, na nahodha mwenye akili hathubutu kufunga gatini.

Friza iliyojaa huhifadhi baridi saa 48 usipoifungua, iliyojaa nusu saa 24, na jokofu la kawaida saa 4 tu. Ziba nafasi tupu kwa chupa za maji, ila usizijaze hadi mdomoni, maana maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9 na chupa itapasuka.

Jenereta haina mzaha. Ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka milango na madirisha, moshi uelekee mbali na nyumba. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na kichwa kinachouma pamoja na kusinzia utadhani ni uchovu wa kukesha. Nunua kengele ya betri inayoitambua gesi hiyo. Jenereta usiichomeke kamwe kwenye soketi ya ukutani ili kuwasha nyumba nzima, kwa sababu umeme hurudi kwenye nyaya za nje na unaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo.

Utaambiwa ufungue dirisha upande wa pili ili nyumba ipumue. Usifungue. Upepo ukipata pa kuingia husukuma paa kutoka ndani huku mwingine ukilivuta kutoka nje. Gari liegeshe likitazama upepo, ufungue mlango mmoja mmoja ukiushika. Bawaba zikipinda, utakuwa kichekesho cha kisiwa hadi baridi iishe.

Na kucheka kwenyewe kuna utaratibu. Bandika karatasi ukutani, kila mtu aandike feri itarudi siku gani, saa ngapi, na upepo mkali kabisa utafika kasi gani. Aliyekaribia zaidi haoshi vyombo. Pesa zisiingie hapo. Itanieni dhoruba, itanieni feri, jitanieni wenyewe, lakini anayeogopa msimguse. Mpe kazi ya kusoma barometa kila saa na kuiandika, atatulia mapema kuliko ukimwambia atulie. Vitamu usivimalize usiku wa kwanza, ambapo kila mtu bado ana hamasa. Siku ya tatu ndiyo watu hugombana kwa sababu ya kijiko, ndipo uvitoe.

Kwa jirani mzee anayeishi peke yake, kubalianeni saa moja ya jioni, kila siku umtumie kichekesho kwa ujumbe mfupi naye ajibu hata kwa kukutukana. Ujumbe hupita pale simu inapogoma. Asipojibu, na mtandao upo, nenda ukamwone, pitia upande uliokingwa na upepo na usiende peke yako. Mtu asiyependa kuulizwa "u mzima?" huvumilia kichekesho kibaya bila kujiona mgonjwa.

Dhoruba ikipita, osha madirisha na gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Chumvi hiyohiyo huganda kwenye vikombe vinavyoshikilia nyaya juu ya nguzo za umeme, na manyunyu mepesi yakiilowesha umeme hukatika tena, siku ambayo watu wameshatua mioyo. Tochi ziache mezani hadi mvua kubwa inyeshe na kuiosha chumvi hiyo.

Mama yako