Saikolojia: BA (sanaa) au BSc (sayansi)? Wasomaji wauliza

Kila msimu wa kuchagua kozi kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika la Kenya linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, maswali kuhusu saikolojia hunifikia kwa wingi. Leo najibu manne.

Mwalimu, binti yangu ameitwa kusomea BA ya saikolojia. Jirani ananicheka, ati hiyo ni kozi ya porojo, tungengoja BSc. Sasa sipati usingizi. – Mama, Embakasi

Lala, mama. Mara nyingi jina la shahada hufuata kitivo tu. Idara ikiwa chini ya kitivo cha sanaa, hati huandikwa sanaa; ikiwa upande wa sayansi, huandikwa sayansi. Oxford kule Uingereza, anayesomea saikolojia ya majaribio hutoka na BA, na sijasikia mtu akiiita porojo.

Ila jirani hajakosea yote. BSc nyingi huongeza biolojia, mambo ya ubongo na takwimu, ilhali BA huacha nafasi ya sosholojia, falsafa au lugha. Hayo utayaona kwenye orodha ya yuniti. Binti aiombe idarani, ya miaka yote 4, akae nayo na kalamu mkononi. Atafute takwimu, mbinu za utafiti, upimaji wa kisaikolojia, saikolojia ya kibayolojia na mradi wa utafiti wa mwaka wa mwisho. Kisha aulize mafunzo ya nyanjani ni ya wiki ngapi, hufanyikia wapi, na nani husimamia wanafunzi huko. Takwimu ikijitokeza mara moja mwaka wa kwanza halafu ipotee kabisa, hapo mimi ningeanza kuwa na wasiwasi, hata kama hati itaandikwa sayansi. Akitaka uzamili baadaye, nyumbani au ng'ambo, wanaomchuja wataangalia yuniti hizohizo na alama zake.

Hisabati ilinitesa katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne. Nikichukua BA si nitakuwa nimeiponyoka? – Kijana wa Kayole

Hujaiponyoka, ndugu yangu. Tangu mwanasaikolojia Mjerumani Wilhelm Wundt afungue maabara yake mjini Leipzig mwaka 1879, saikolojia imekuwa somo la kupima, na takwimu utaikuta kote kuwili. Lakini usiogope kabla ya kuiona. Hutaulizwa trigonometria. Utatafuta wastani na mkengeuko sanifu (yaani namba zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani), kisha ujiulize: hawa waliolala kwa muda wa saa 4 wamekumbuka maneno machache kuliko waliolala kwa muda wa saa 8, je, ni usingizi au ni bahati tu? Hesabu yenyewe kompyuta itafanya. Kazi yako ni kujua umeiuliza nini na jibu lake lina maana gani, na hilo hutajifunza kwa kukacha mihadhara ya mwanzo, kama wengi wafanyavyo.

Nataka kuwa daktari wa magonjwa ya akili pale hospitali ya Mathari, niandikie wagonjwa dawa. Nichague ipi? – Msichana, Kasarani

Hakuna hata moja. Hiyo ni njia ya udaktari: usome shahada ya utabibu kwanza, kisha uzamili wa magonjwa ya akili. Mwanasaikolojia hufanya kazi bega kwa bega na daktari huyo, akipima na kutibu kwa mazungumzo. Amua sasa, maana KUCCPS itataka alama zako za biolojia na kemia.

Nimemaliza BA yangu. Naweza kukodi chumba Umoja nianze kutoa ushauri nasaha kwa malipo? – Mhitimu

Chumba kingoje. Kuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, nayo iliunda bodi ya kuwasajili wanaofanya kazi hii. Peleka stakabadhi zako huko, uulize shahada yako inakuweka daraja gani na unahitaji saa ngapi za kazi chini ya msimamizi. Na nyinyi ambao hamjalipa karo, swali hilo liulizeni mapema: je, bodi inaitambua kozi hii? Karani wa udahili akianza kuzungukazunguka, pigieni bodi yenyewe.