Maswali Yenu: Sadaka kwa Simu, na Mchungaji Mwenye Mitaa Minne

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Tangu mwaka jana usharika wetu unapokea sadaka kwa simu kupitia namba ya mchungaji. Hajagusa hata senti, lakini manung'uniko yameanza. Tufanyeje bila kumvunjia heshima? (Mhazini, Arusha)

JIBU: Amina, mhazini. Acheni kuitumia namba hiyo Jumapili hii hii. Mchungaji mwaminifu ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa fedha ya kanisa na hela ya mboga ya nyumbani kwake zimo kwenye salio moja, na hana namna rahisi ya kuzitenganisha mbele ya watu. Akihamishwa, namba inaondoka naye huku waumini wakiendelea kutuma. Akifariki, salio linaingia kwenye mambo ya mirathi.

Mwombeni achukue taarifa ya miamala ya namba yake tangu siku ya kwanza ya sadaka, kisha fedha zikabidhiwe kwa maandishi mbele ya wazee wawili. Karatasi hiyo ndiyo itakayomsafisha. Halafu yeye mwenyewe, kama mwenyekiti wa baraza, atangaze namba mpya. Heshima yake inabaki palepale.

Namba mpya iwe Lipa Namba (namba ya kupokea malipo ya simu, isiyo laini ya mtu) yenye jina la usharika, inayopeleka fedha kwenye akaunti ya benki ya usharika. Kwa kawaida mtaombwa muhtasari wa kikao uliosainiwa, nyaraka za usajili wa kanisa na vitambulisho vya watia saini. Nyaraka za usajili mara nyingi ziko dayosisi, kwa hiyo anzieni huko. Kabla ya kutangaza, jaribuni kutuma shilingi 1,000: jina la usharika lazima litokee kabla ya kuweka namba ya siri. Likitokea jina la mtu, rudini mkarekebishe. (Wasomaji wa Kenya, kati ya namba za malipo za M-Pesa chukueni Paybill badala ya Till, maana Paybill ina nafasi ya kuandika "zaka" au "ujenzi".)

Shida inayobaki ni kujua fedha ni ya bahasha ipi. Muumini aliyetuma aandike juu ya bahasha yake neno SIMU, kiasi, na herufi au tarakimu nne za mwisho za kumbukumbu ya muamala, kisha aiweke kapuni ikiwa tupu. Wahesabuji wazitenge bahasha hizo na kuzilinganisha na taarifa ya miamala. Kosa linalovuruga sharika nyingi ni kuzijumlisha na noti za kapuni: Jumatatu fedha iliyofika benki inaonekana pungufu, na mtu anashukiwa wizi bure. Kitabu cha mapato kiwe na safu mbili, taslimu na simu.

Wahesabuji wawe watatu wasio ndugu, wahesabu mara mbili, waandike kwa wino na kusaini kabla ya kutoka ofisini. Na fundi wa vipaza sauti asilipwe kutoka kapuni, hata kama ni shilingi 20,000. Fedha yote iende benki kwanza. Malipo yatoke kwa hati ya malipo iliyosainiwa.

Majina ya waliotuma yasisomwe kanisani kamwe. Mjane aliyetuma 500 asihukumiwe na jirani yake.

SWALI: Mchungaji wetu ana mitaa minne, yaani vituo vinne vya ibada, na amechoka sana. Wazee tumsaidieje? (Mzee wa kanisa, Njombe)

JIBU: Anzeni na Meza ya Bwana, kwa kuwa hiyo mwinjilisti hawezi kuiongoza badala yake. Kila mtaa upewe Jumapili yake ya mwezi, na ratiba ya miezi mitatu ibandikwe mlangoni. Jumapili ya tano, mwezi unapokuwa nayo, awe usharikani au apumzike. Nauli au mafuta apewe kabla ya safari. Kumrudishia baadaye ni kumkopa.

Jumatatu iwe yake. Simu za siku hiyo zipokelewe na mzee wa zamu, na misiba iongozwe na mwinjilisti wa mtaa husika. Hapo ndipo mpango hukwama, maana wafiwa humtaka mchungaji mwenyewe, naye hawezi kukataa akiombwa ana kwa ana. Kwa hiyo mzee ndiye atangaze utaratibu huu ibadani, Jumapili tatu mfululizo, wakati hakuna msiba mtaani.