Mwaka wa kwanza Mlimani: usome wapi?

Mdogo wangu, umesema umeanza mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chumba mko wengi, makelele hayaishi na UE, mitihani ya mwisho wa muhula, inakaribia. Nakuelewa kabisa, nimepita humo humo.

Anza na maktaba mpya, ile iliyofunguliwa 2018. Inachukua watu 2,100 kwa wakati mmoja, lakini usidanganyike na ukubwa huo: karibu na mitihani inajaa mapema. Wahi asubuhi, beba kitambulisho chako na sweta, maana kiyoyozi kikikupiga saa tatu mfululizo hutasoma tena. Kaa mbali na mlango, wapita njia wanakula akili.

Vimbweta navyo, zile meza na viti vya zege vya nje, usividharau. Vile vya chini ya miti vina upepo mzuri, ila mimi naviona vya diskasheni zaidi. Ukitaka kukariri peke yako, kila rafiki anayepita atakusalimia na kuketi. Hesabu na maswali ya miaka iliyopita, hapo ndipo pake. Mwenzako akikueleza kwa mdomo, jambo linakaa.

Jioni tafuta darasa lisilo na kipindi. Angalia kwanza ratiba, kisha nenda na mwenzako mmoja au wawili, hasa kama wewe ni binti na mtarudi usiku. Kama unalala hosteli ya Mabibo, iliyo nje ya kampasi, panga usafiri wa kurudi kabla hujafungua daftari.

Kitandani usisomee, tafadhali. Utalala tu.