Kuongeza uzito kabla ya kuingia jeshini: jibu kwa kijana wa Micheweni, Pemba

Wa alaykum salaam, mwanangu. Umeeleza kwamba una urefu wa mita 1.75 na uzito wa kilo 54, kwamba unakusudia kuomba nafasi jeshini baada ya miezi minne hivi, na kwamba rafiki yako wa maskani, pale mnapokaa vijana kuzungumza, amekushauri ununue vidonge vya kunenepesha ili usije ukarudishwa kwa sababu ya wembamba. Nami ni Mpemba, nilipitia JKU, yaani Jeshi la Kujenga Uchumi la Zanzibar, nikiwa mwembamba kukushinda wewe, nikaendelea na utumishi wa kikosi mpaka nilipostaafu, na sasa vijana wa shehia yetu, yaani eneo letu linaloongozwa na sheha, hunijia kila nafasi zinapotangazwa. Nitakujibu kwa urefu, kwa kuwa jambo lenyewe lina mlango zaidi ya mmoja.

Kwanza tuitazame hesabu. Madaktari huchukua kilo za mtu wakazigawa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, na jibu likiwa chini ya 18.5 humhesabu mtu huyo kuwa na uzito pungufu. Kwako wewe jibu ni 17.6. Ili ufike 18.5 unahitaji karibu kilo 57, na ukifika 61 utakuwa umevuka mpaka kwa nafasi ya kutosha. Mwili wa kijana anayekula vizuri na kufanya mazoezi huongezeka kati ya robo kilo na nusu kilo kwa wiki, kwa hiyo miezi minne inaweza kukufikisha baina ya kilo 58 na 62 bila ya kulazimisha chochote. Huna sababu ya kuharakisha. Nimewaona vijana waliojijaza mafuta ya tumbo kwa wiki chache kwa soda, halua na chipsi, wakapita kwenye mizani, kisha wiki za mwanzo za kambini zikawavua uzito wote huo huku wakihema nyuma ya wenzao katika mchakamchaka. Kipimo changu cha uzito mzuri ni kimoja: ule utakaobaki mwilini baada ya mwezi wa kwanza wa ukuruta, nao ni uzito wa misuli na damu.

Kabla ya kuongeza hata kijiko kimoja cha chakula, nenda hospitali ukapime choo, mkojo na damu. Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu wewe ni mtoto wa Pemba, na bila shaka umeoga mitoni na mabwawani tangu ukiwa skuli. Kichocho cha kibofu kimekuwa maradhi ya visiwa vyetu viwili, Unguja na Pemba, kwa miaka mingi. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi, vikapenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, na mara nyingi mgonjwa hajui mpaka aone damu mwishoni mwa mkojo, au asiione kabisa ikabaki kuonekana kwa darubini tu. Minyoo ya safura nayo hunyonya damu taratibu, na mwenye nayo huchoka upesi hata akila sahani mbili. Dawa za maradhi yote mawili zipo na si ghali. Ile ya kichocho, prazikwanteli, hutolewa kwa kadiri ya uzito wa mgonjwa, kwa hiyo usimeze kwa kukisia. Pia, kama unakohoa kwa zaidi ya wiki mbili, unatokwa na jasho jingi usiku, unapata kiu na kukojoa kupita kawaida, au kilo zako zimeshuka bila sababu unayoijua, mweleze daktari waziwazi. Kifua kikuu na kisukari havitibiki kwa uji. Daktari wa usaili naye atakupima, na ni afadhali ugonjwa ukutwe na kutibiwa mapema nyumbani kuliko uonekane siku ile umesimama kwenye mstari na bahasha yako mkononi.

Ukishajua kwamba mwili ni mzima, tuje kwenye chakula, ambacho ndicho kiini cha swali lako. Vijana wengi wembamba wanaonijia huapa kwamba wanakula sana, na ukiwauliza saa kwa saa unakuta asubuhi ni chai kavu na andazi moja, mchana ni muhogo aliopewa shambani au hakuna kitu, jioni ni mpira mpaka magharibi, kisha usiku ndipo anapokaa mbele ya sinia la wali. Mlo huo mmoja ni mkubwa kweli, lakini ni mmoja. Wakati wa karafuu hali huwa mbaya zaidi, kwani mtu hupanda na kushuka mikarafuu tangu alfajiri na jioni hukaa kuchambua, na siku nzima amekula vipande viwili vya muhogo. Unachohitaji ni kuongeza nishati ya kilokalori 300 hadi 500 kwa siku juu ya ile unayoitumia, na kiasi hicho ni kidogo kuliko watu wanavyodhani: gramu 50 za njugu (karanga), yaani zinazojaa kiganja mpaka zinaanza kumwagika, hukupa kama 280, na bilauri moja ya maziwa hukupa 150. Ukiongeza viwili hivyo kila siku bila ya kupunguza kingine, umeshafika.

Lakini nishati peke yake hujenga mafuta, na misuli hutaka protini. Kwa mtu wa uzito wako anayefanya mazoezi ya nguvu, gramu 85 hivi kwa siku zinatosha. Usiogope idadi hiyo, kwa maana kisiwa chetu hakina njaa ya kitoweo. Mayai mawili yana gramu 12, kipande cha jodari au vibua wachache wanaotoshea kiganja na vidole vyake hukupa kama 30, bakuli la choroko, kunde au maharage lina 14, bilauri mbili za maziwa zina 16, na njugu zile tulizozitaja zina 12. Ukijumlisha utakuta umekaribia kabisa kabla hatujahesabu iliyomo ndani ya wali na mkate. Siku ambayo mfuko hauruhusu samaki mbichi, dagaa wakavu wanakutosheleza, nao kwa uzito ule ule wana protini nyingi kuliko samaki mbichi kwa kuwa maji yameshawatoka. Chakula ninachokipenda kwa kazi hii ni mseto wa choroko uliopikwa kwa tui zito, ukaliwa na ng'onda, yule samaki aliyepasuliwa akakaushwa kwa chumvi: mchele na choroko husaidiana katika protini, tui linaleta mafuta, na gharama yake haimshindi mtu wa kijijini. Ng'onda tu alowekwe vizuri apungue chumvi.

Marehemu mama yangu alikuwa na uji wake ambao mpaka leo huwaelekeza vijana. Njugu zilikaangwa kavu kwa moto mdogo mpaka maganda yakaanza kupasuka, zikapepetwa kwenye ungo, zikatwangwa kinuni mpaka zikatoa mafuta na kushikana na mchi. Unga wa mtama ulikorogwa kwanza kwa maji baridi usifanye madonge, ukapikwa ukaiva sawasawa, ndipo zile njugu zikaingia pamoja na kikombe cha tui la kwanza na chembe ya chumvi, na sufuria ikaepuliwa mara tu ilipochemka tena ili tui lisikatike. Bakuli moja lake kubwa lilikuwa ni mlo kamili. Faida yake kwa mtu mwembamba ni kwamba hunyweka hata pale ambapo hamu ya kutafuna haipo, na asubuhi mapema wengi wetu hatuna hamu hiyo. Uji huu uunywe baada ya sala ya alfajiri, kisha saa tatu au nne ule chapati au boflo na mayai, mchana ule mlo wa kweli, alasiri ndizi mbivu na njugu zako, usiku wali na kitoweo, na kabla ya kulala bilauri ya maziwa. Chai iache ikae mbali na milo kwa saa moja au zaidi, kwa sababu hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata katika kunde na mboga. Badala yake kamulia ndimu kwenye mchuzi au ule chungwa, ambavyo huyasaidia madini hayo kuingia. Na kama unavuta sigara, hapo ndipo hamu yako ya chakula inapoishia, pamoja na pumzi zako.

Mazoezi ndiyo yatakayoamua chakula hiki kiende wapi. Huhitaji ukumbi wenye vyuma. Siku tatu kwa wiki, ukiacha siku ya kupumzika katikati, piga pushapu, ning'inia kwenye tawi imara la mwembe ujivute mpaka kidevu kipite juu, chuchumaa na kusimama ukiwa umebeba dumu mabegani, na beba dumu mbili za maji mkononi utembee nazo. Anza na dumu nusu. Kila wiki ongeza kidogo, ama idadi ama uzito, kwa sababu misuli isiyodaiwa zaidi haikui. Mbio usiziache, maana jeshini utakimbia upende usipende, lakini kwa miezi hii mara mbili kwa wiki kwa nusu saa zinatosha. Mpira wa kila jioni ndio ninaokuomba upunguze. Najua ni ombi gumu kwa kijana, ila mechi moja ya mchangani inakula chakula chote ulichokiongeza siku hiyo. Usingizi nao uupe saa saba au nane, na uondoke maskani mapema.

Sasa vile vidonge. Wanaoviuza huvipa majina ya kupendeza, lakini ndani yake mara nyingi mna dawa mbili, siproheptadini na deksamethazoni, ambazo ni dawa halali za hospitali kwa maradhi maalumu na hazikutengenezwa ili kijana mzima anenepe. Ya kwanza huongeza hamu ya kula na huleta usingizi mzito, na hamu hiyo huondoka dawa inapokoma. Ya pili ndiyo ninayoiogopa hasa: hujaza maji mwilini, uso ukawa wa duara, hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa na misuli ya mapaja, na mtu aliyeitumia kwa muda akaiacha ghafla anaweza kuanguka kwa sababu mwili umeshaacha kutengeneza homoni yake wenyewe. Kijana mmoja wa jamaa zangu alivitumia, mashavu yakajaa watu wakamsifu, lakini alishindwa kupanda ngazi bila ya kushika ukuta. Kama umeshaanza kuvimeza, usivikatishe mwenyewe. Nenda navyo kwa daktari akuelekeze namna ya kuviacha.

Jambo ambalo vijana wetu hawaambiwi ni kwamba tumbo nalo linahitaji ukuruta. Kama utapelekwa kambi ya Bara, utakuta ugali na maharage, chakula kingi na chenye nguvu, lakini kinacholiwa kwa haraka na kwa saa maalumu, na Mpemba aliyelelewa kwa wali na mchuzi wa nazi hukiangalia sahanini kikapoa mpaka filimbi ikalia. Hao ndio wanaokonda. Katika miezi yako miwili ya mwisho, pikisha ugali na maharage nyumbani mara mbili tatu kwa wiki, ule ukiwa umesimama ikibidi, na zoea kula chakula kizito asubuhi na mapema. Iwapo Ramadhani itaingia katikati, gawanya usiku wako: futari isiyo nzito sana, mlo kamili baada ya tarawehe, na daku ya kweli yenye maharage au mayai, si maji na tende peke yake. Mazoezi ya nguvu yaweke baada ya kufuturu, na mbio zisubiri mwezi uishe.

Uzito upime mara moja kwa wiki, kwa mizani ile ile, asubuhi baada ya kwenda chooni na kabla ya kula, ukaandike kwenye daftari. Kama wiki mbili zimepita na hakuna mabadiliko, ongeza bakuli la pili la uji jioni kabla ya kudhani kwamba mwili wako ni wa kutonenepa. Tangazo la nafasi likitoka lisome mwenyewe kwa ukamilifu, kwani masharti ya umri, elimu na afya hutofautiana kwa kikosi na kwa mwaka, na mambo ya kwa sheha na kitambulisho yamalize mapema ili wiki ya usaili usiwe unakimbia huku na huku ukikosa milo. Siku ya kupimwa, usinywe madumu ya maji ili mizani ipande. Maji mengi kupita kiasi kwa wakati mmoja hupunguza chumvi ya damu na yanaweza kukuangusha palepale, na uzito mdogo unaoupata hauna thamani ya hatari hiyo.

Anza na hospitali wiki hii. Ukipata majibu ya vipimo, pamoja na uzito wa wiki mbili za mwanzo na orodha ya unachokula kwa saa zake, niandikie hapa tuangalie pa kuongeza.